Bima Isiwe Fumbo

Mkataba unaofahamika kwa upande mmoja tu ni mtego. Ndivyo ilivyo hati ya bima ya dhima ambayo ukurasa wake wa kwanza humwahidi mfanyabiashara kulipiwa fidia atakayodaiwa na wengine, kisha kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo, zikaipokonya ahadi hiyo kipande kwa kipande.

Ushahidi uko Kibirizi, mjini Kigoma, ambako maboti ya mbao hushusha dagaa na mawese. Kazi ya mwenye ghala ni kutunza mali ya wenzake. Lakini sharti la kawaida la bima hiyo husema kampuni haihusiki na mali ya mtu mwingine iliyo chini ya ulinzi, uangalizi au mamlaka ya mwenye bima. Basi huyo amekata bima ya kitu gani? Ipo bima nyingine ya mizigo iliyohifadhiwa, lakini muuzaji asipoitaja, mnunuzi ataijuaje? Na dumu la mawese likipasuka begani mwa mchukuzi, kati ya boti na ghala, lilikuwa chini ya uangalizi wa nani? Hati iko kimya, na kimya hicho hufasiriwa siku ya kulipa fidia, si siku ya kupokea ada.

Wako watakaosema kwamba kampuni haiwezi kubeba kila hatari. Ni kweli. Kampuni ina haki ya kuikataa hatari. Haina haki ya kuificha. Kanuni ya zamani ya sheria ya mikataba hutaka neno lenye utata lifasiriwe dhidi ya aliyeliandika, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Bima. Lakini haki hizo huja baada ya mali kupotea.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hati ya bima haina udhuru wa kubaki katika Kiingereza. Wala Kiswahili peke yake hakitoshi, kwani fumbo ni fumbo katika lugha yoyote. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima haina budi kuhakikisha kwamba kila sharti la kutolipa linawekwa mbele, waziwazi, pamoja na mfano wake.

Walimu na watumishi wa umma ndio wanaoletewa barua za kukataliwa fidia ili wawasomee jirani zao. Wasingoje barua hizo. Wawasomee hati kabla hawajatia sahihi.