Lugha ya Injini Inayochemka

Huko Mbita, kama kwingineko nchini, dereva ambaye gari lake limepata moto humwambia fundi neno moja tu: "Inachemsha." Neno hilo likishatamkwa, aghalabu hukumu huwa imekwisha kutolewa. Thamostati hung'olewa na kutupwa, maji hujazwa kwa debe, na gari huondoka. Baada ya wiki chache hurudi likikokotwa kwa kamba.

Nadai kuwa kasoro hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya spana. Kitenzi hicho kimoja kimemeza maradhi matano au sita yasiyo na undugu. Wenzangu wa sarufi husahihisha kwamba gari halichemshi, maji ndiyo yanayochemka. Mimi naona madereva wana haki kuliko tunavyowadhania, kwani kiambishi cha usababishi chatukumbusha kwamba pana kitu kinachochemshwa. Je, kitu hicho bado kimo? Maji yakipungua mno, kifaa cha kupimia joto hubaki hewani, na mshale waweza kushuka ilhali chuma kinaungua. Dereva asiyelijua hilo humshukuru Mungu na kukanyaga mafuta.

Fundi hodari huuliza "lini?", kama tabibu aulizavyo homa inapanda saa ngapi. Gari likipata moto lisimamapo na injini ikinguruma, tuseme katika foleni ya feri ya Luanda K'Otieno, kisha likapoa liendapo kasi, ishuku feni au mkanda wake, maana mwendoni upepo huifanya kazi ya feni. Likishindwa mlimani na shehena ya samaki na barafu, itazame rejeta iliyozibwa na kutu na tope, au pampu ya maji. Likipata moto mara tu baada ya kuwashwa, ilhali maji yamejaa, huenda thamostati imekwama ikiwa imejifunga. Hapo ndipo inapostahili lawama, na dawa ni kutia nyingine, si kuacha tundu. Lakini maji yakipotea bila tone kuonekana chini, moshi mweupe usikome, na mafuta ya injini yageuke rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi. Kuongeza maji hapo ni kuahirisha msiba.

Kifuniko cha rejeta hupuuzwa kuliko vyote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mbita huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko kinachobana sawasawa huongeza digrii 20 au zaidi. Kilicholegea huziondoa zote.

Wavuvi wana maradhi hayo kwa sura nyingine. Injini ya mashua huvuta maji ya ziwa lenyewe ili ipoe, na gugu maji, lililoanza kulivamia ziwa hilo yapata mwaka 1990, huziba mdomo wa kuvutia. Mvuvi huutazama mchirizi wa maji utokao nyuma ya injini, ukidhoofu, huzima. Hakusomeshwa na kitabu, ila analijua swali la kuuliza. Kati ya Rusinga na Mfangano, injini iliyokwama wakati wa dhoruba si hasara ya fedha peke yake.

Mwanagenzi wa jua kali nchi kavu hana bahati hiyo. Vitabu vya ufundi ni vya Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Istilahi si kisingizio: TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Wala sidai rejeta na gasketi zibatizwe upya. Maneno hayo yamekwisha kuwa yetu, na atakayewabunia mafundi visawe vyake atachekwa kwa haki. Kilichokosekana si nomino bali maswali.

Patakuwa na atakayesema kwamba Mbita husema Kijaluo, na kwamba wapo wazee wa visiwani wenye Kisuba chao. Basi na yaandikwe kwa lugha hizo pia. Karatasi moja ya maswali manne, ikibandikwa kwenye ukuta wa mabati wa karakana, haihitaji kamati wala mfadhili, na vyuo vya ufundi vya Homa Bay na Migori vyaweza kuianza muhula ujao.