BAISKELI YA CHUMA ISIDHARAULIWE

Mwaka huu sitaandika juu ya dawa za kulevya wala mapenzi ya shuleni, maana hayo wenzangu wameyaandika na watazidi kuyaandika. Nataka kuzungumza juu ya kitu kilichoko nyumbani kwa wengi wetu, kimeegemezwa ukuta wa jikoni, kuku wanalala juu yake na hakuna anayekijali. Kitu chenyewe ni baiskeli ya chuma, ile nyeusi na nzito ambayo wazee wetu huiita Black Mamba.

Siku hizi mwanafunzi akija shuleni na baiskeli hiyo atachekwa mpaka ajute. Ati ni ya muuza mkaa. Ati ni ya kubebea maziwa. Basi mwingine yuko radhi atembee kilomita nane au tisa gizani, afike kengele imelia, aandikwe kwenye orodha ya waliochelewa, kuliko aonekane juu ya chuma cha babu yake. Jameni, huku ni kujidanganya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Maoni yangu ni kwamba baiskeli ya chuma ndiyo mashine ambayo mwanafunzi wa shule ya kutwa anaweza kuiendesha, kuielewa yote na kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na kwa hivyo shule yetu inafaa iipe nafasi badala ya kuiacha ichekwe.

Kwanza tujue ilikotoka. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa na mnyororo ulizungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Ukichukua mambo hayo mawili ukayaweka pamoja, umepata Black Mamba. Wakati wa ukoloni zilikuja huku baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye zikafuata zile za India kama Hero, ambazo hutengenezwa Ludhiana, na nyingine za Uchina. Majina yalibadilika lakini umbo lilibaki lile lile, na ndiyo sababu spea ya moja mara nyingi huingia kwenye nyingine.

Isitoshe, huku kwetu Magharibi ndiko baiskeli ilikojipatia jina. Kule Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha mpakani cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Leo ukitaja boda boda watu hufikiria pikipiki. Pikipiki ilirithi jina tu, mwenye jina alikuwa baiskeli.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Kwa nini ninasisitiza chuma? Baiskeli mpya mpya za kupendeza, zile za kuletwa na mjomba kutoka Nairobi, nyingi ni za aluminiamu. Ni nyepesi, sikatai. Lakini fremu ya aluminiamu ikipasuka, mtu wa jua kali aliye sokoni kwetu hawezi kuiunga kwa mashine yake ya kawaida ya kuchomelea. Inataka mashine nyingine, gesi nyingine na ujuzi mwingine. Chuma kwa kawaida hupinda kwanza kabla ya kukatika, na kikipinda hunyooshwa, na kikikatika huchomelewa siku hiyo hiyo ukarudi nyumbani ukiendesha. Hiyo ndiyo sababu utaona baiskeli iliyonunuliwa kabla ya baba kuoa na bado inabeba gunia la mahindi.

Nenda sokoni jioni utawaona wapenzi wa baiskeli wamemzunguka fundi chini ya mti. Wengine si mafundi, ni vijana wa kawaida tu. Mmoja amenunua fremu tupu kwa muuza vyuma kuukuu, rimu ameipata kwingine, uma wa mbele ameubadilisha na mtu kwa jogoo, na sasa anaunganisha baiskeli yake kidogo kidogo kila akipata pesa. Mwingine anaongeza vyuma viwili kando ya uma ili usipinde chini ya mzigo. Mwingine anatengenezewa keria ya nondo nene kuliko ile iliyotoka kiwandani. Wanabishana kweli kweli, na wanachobishania ni hesabu na fizikia, ila wao hawaiti hivyo.

Chukua mfano wa meno. Baiskeli nyingi za aina hii zina meno 44 kwenye gia ya mbele na meno 18 nyuma. Gawanya 44 kwa 18, unapata kama 2.4, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na nusu hivi. Gurudumu la inchi 28 lina kipenyo cha sentimita 71, na ukizidisha kwa 22/7 utaona likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 na kitu. Kwa hivyo kila mzunguko wa pedeli unakusogeza karibu mita 5 na nusu. Hapo barabara ikiwa tambarare utafurahi, lakini ukifika mlimani na mkungu wa ndizi nyuma utashuka usukume. Kijana mjanja humwambia fundi amtolee ile ya meno 18 amwekee ya meno 22. Sasa 44 kwa 22 ni 2 kamili, na kila mzunguko unampeleka mita 4 na nusu hivi. Amepoteza mwendo kidogo lakini mlima anaupanda ameketi. Huo si uchawi, ni ile mada ya mashine tuliyofundishwa darasani, ila darasani tuliichora tu ubaoni.

Au tuseme spoku. Kwa desturi Black Mamba ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kwa nini nyuma ziwe nyingi? Kwa sababu uzito mwingi wa mwendeshaji na mzigo wote wa keria huangukia nyuma. Rimu ikianza kuyumba, mtu hupindua baiskeli, akazungusha gurudumu na kushikilia kipande cha chaki karibu na rimu aone inapogusa. Ikiwa imevutwa upande wa kushoto, hapo hukaza kidogo spoku za kulia na kulegeza za kushoto, nusu mzunguko tu kwa kila mara, kisha anazungusha tena. Mwenye haraka huharibu. Nimeona watu wazima wakishindwa na kazi hiyo kwa kukosa subira, na mtoto wa darasa la saba akiimaliza.

Kuna mengine ambayo hayahitaji hata fundi. Kiti kiwe kwa kiasi kwamba ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa mguu unyooke. Wengi wetu huendesha kiti kikiwa chini mno halafu wanalalamika magoti. Mnyororo usikazwe kama waya wa ua. Ukiubonyeza katikati ucheze sentimita moja au mbili, na upakwe mafuta baada ya kuoshwa matope. Upepo uwe wa kutosha, maana tairi lenye upepo mdogo ndilo linalokata tyubu kwenye mawe. Mambo haya matatu pekee hubadilisha baiskeli unayoita nzito ikawa baiskeli unayoweza kuendesha kila siku.

Najua kuna watakaonipinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema kwanza ni nzito. Ni kweli, nyingi hufika kilo 20 na zaidi. Lakini uzito huo hauubebi kichwani, unauviringisha. Mtu akitembea huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli iliyorekebishwa vizuri, kwenye njia isiyo na milima mingi, kilomita 15 kwa saa si ajabu. Mwanafunzi anayekaa kilomita 9 kutoka shuleni hutumia karibu saa moja na dakika 48 kwa miguu, na dakika 36 kwa baiskeli. Kwenda na kurudi ameokoa zaidi ya saa mbili kila siku. Walimu wetu hutuambia kila mara tusome jioni. Saa zenyewe ndizo hizo, ziko njiani.

Watasema pia breki zake hazishiki wakati wa mvua. Hapo wamesema kweli kabisa. Breki za vyuma virefu hubonyeza rimu, na rimu ya chuma ikilowa huteleza. Lakini dawa ipo. Baiskeli za chuma zinazoitwa Buffalo, zilizoletwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, zina breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Unarudisha pedeli nyuma kidogo inashika, mvua inyeshe isinyeshe. Keria yake imeundwa kubeba hadi kilo 100, na si lazima uende ng'ambo kuiona kwa sababu huunganishwa hapa hapa Kisumu. Kwa hivyo chuma hakijapitwa na wakati. Kuna watu wanaoendelea kukifikiria.

Wengine watasema pikipiki ni ya haraka. Naam, ni ya haraka, na mgonjwa akizidiwa usiku nitakuwa wa kwanza kuita pikipiki. Lakini nauli ya kila asubuhi na kila jioni, siku tano kwa wiki, muhula mzima, ni nani kati ya wazazi wetu anayeiweza? Wanafunzi wa shule ya kutwa tuko kutwa kwa sababu karo ya bweni ilishinda nyumbani. Na pikipiki ikiharibika, mwanafunzi husubiri tu. Baiskeli ikiharibika, mwenye kiraka, gundi na pampu huketi kando ya njia na baada ya robo saa anaendelea na safari yake.

Jambo ambalo linaniuma zaidi ni la wasichana. Hapa kwetu mvulana akipanda baiskeli ni sawa, msichana akipanda watu wanasimama kutazama. Wazee wengine husema si heshima. Nawauliza, heshima iko wapi msichana akipita kando ya miwa saa kumi na moja alfajiri peke yake? Tuangalie wenzetu. Katika jimbo la Bihar, India, mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipochunguza mpango huo walikuta idadi ya wasichana wa umri unaofaa walioingia shule ya upili imepanda kwa kiasi cha asilimia 30. Nchini Zambia nako, katika mwaka 2017 na 2018, wasichana waliokaa mbali na shule walipewa baiskeli za Buffalo, na waliopewa walikosa shule siku chache kuliko wasiopewa. Bihar na Zambia si Ulaya. Ni mahali penye vumbi na matope kama kwetu, na walioketi kwenye viti hivyo ni mabinti wa wakulima kama sisi.

Sasa basi, nina maombi manne kwa shule yetu, na nayatoa kwa unyenyekevu. La kwanza, tujengewe kibanda cha baiskeli karibu na lango. Mabati machache na nguzo zinatosha, kwa sababu kwa sasa baiskeli huachwa chini ya mti zikipigwa jua na mvua, na wengine wanaogopa kuzileta zisiibwe upepo na kengele. La pili, ofisi iweke sanduku moja la vifaa: spana, pampu, viraka, gundi na kile kispana kidogo cha spoku. La tatu, Ijumaa moja kwa mwezi, baada ya masomo, aalikwe fundi wa sokoni atufundishe. Fundi huyo huenda hakumaliza shule, lakini katika jambo hili yeye ndiye mwalimu na sisi tumwite mwalimu. La nne, wasichana wahimizwe hadharani, na mwalimu mkuu mwenyewe aseme hayo gwarideni, maana akisema yeye kicheko kitapungua.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja tu. Kama nyumbani kuna fremu imelala, muulizeni baba au babu ruhusa muifufue. Anzeni na tyubu, kisha mnyororo, kisha breki. Wekeni kioo chekundu cha kumulika nyuma, na mkiwa kwenye lami pandeni kandokando, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu malori hayana huruma. Mtakapochekwa, vumilieni. Anayewacheka atawakuta darasani mmeshaketi, mmefungua daftari, naye ndiyo kwanza anaingia langoni akihema.

Naomba walimu wetu walifikirie jambo hili kabla ya muhula ujao kuanza, na wazazi wakumbushwe siku ya mkutano wao.