Vipimo vya Mto Mkuju Vitangulie Mgodi

Barua ya wazi kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania

Mwaka 2012 eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, liliondolewa katika mipaka ya urithi wa dunia ya Selous ili kupisha uchimbaji wa urani. Kwa kuwa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 inaikabidhi Tume udhibiti wa mionzi nchini, ni Tume inayopaswa kuonesha hali ya ardhi na maji ya huko kabla ya uchimbaji kushamiri. Ardhi yenye urani hutoa mionzi yenyewe tangu enzi. Pasipo vipimo vya awali, mwenye mgodi atadai kila uchafuzi ni wa asili, na mwanakijiji naye atautwika mgodi kila kilichokuwapo.

Teknolojia mpya zinavutia, hasa ndege zisizo na rubani zinazobeba fuwele ambazo humetameta zinapopigwa na miale ya gama, yaani mionzi inayopenya mbali, na hivyo kuchora ramani ya eneo kubwa kwa muda mfupi. Baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, vipimo vya angani na vya magari viliisaidia sana Japani. Lakini kilichotafutwa huko kilikuwa hasa siziamu, ambayo gama yake ni rahisi kunaswa. Urani hutoa zaidi chembe za alfa, ambazo hata karatasi huzizuia, na gama inayosomwa kutoka angani hutokana hasa na vizalia vya radi, elementi inayozaliwa urani inapooza. Urani ikiyeyuka majini huweza kuiacha radi nyuma, kwa hiyo ramani ya angani itaonekana shwari ilhali kisima kimechafuka.

Maji, basi, yapelekwe maabara yenye mashine zinazotenganisha atomu kwa uzito wake, zenye uwezo wa kubaini urani chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 30, kwa sababu ya madhara ya kikemikali kwa figo zaidi kuliko ya mionzi, hatari ambayo kipima mionzi cha mkononi hakiwezi kamwe kuionyesha.

Tume inaombwa ichukue sampuli za visima na vijito, masika na kiangazi, na kutangaza matokeo yake kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji, kila tarakimu ikiandamana na mahali, tarehe, aina ya kifaa na ukubwa wa kosa linaloweza kuwamo.