Barazani kwa Mama: Waliogawiwa Nusu ya Uwanja



Wiki iliyopita, tulipokuwa tukitoka darsani, mama mmoja alinishika mkono akanivuta kando ya mlango. Binti yake wa kidato cha pili amechaguliwa kuingia katika timu ya shule ya mpira wa kikapu. Baba ameridhia, bibi mzaa baba amekataa, na ami zake wamegawanyika. "Dada yangu," akaniambia, "sikuulizi hukumu, maana hiyo nitamwendea shekhe. Nataka kujua tu: waliotutangulia katika jambo hili waliliamua vipi, na nani aliyeamua?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Nilipofika nyumbani nikaikumbuka habari ya jimbo la Iowa, lililo katikati ya nchi ya Marekani, mbali na bahari zote, ambako wakulima wa mahindi walibishana juu ya jambo hili hili miaka mia moja iliyopita. Leo namjibu yeye, na wengine wenye swali kama lake.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Mwaka uliofuata mwalimu mwanamke, Senda Berenson, aliuchukua akawafundisha wanafunzi wake katika chuo cha wanawake cha Smith, kisicho mbali na hapo. Lakini hakuuchukua kama ulivyo. Zama zile madaktari na walimu wengi waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauhimili mbio nyingi wala purukushani. Kwa hiyo akaugawa uwanja sehemu tatu, akamtaka kila mchezaji abaki katika sehemu yake, na akakataza kumpokonya mwenzio mpira mkononi. Mechi yao ya mwaka 1893 ilichezwa bila ya watazamaji wa kiume.

Msomaji aliyecheza mpira wa pete shuleni ameshaanza kutabasamu. Naam, ni jamaa mmoja. Mchezo huo wa wanawake ulivuka bahari hadi Uingereza katika miaka ya 1890, huko ukazaa mpira wa pete, na Waingereza wakaueneza katika makoloni yao. Ile mipaka tuliyokuwa tukipigiwa filimbi kila tulipoivuka, asili yake ni hofu ya watu wa karne ya 19 kwamba msichana akikimbia uwanja mzima atadhurika.

Huko Iowa, wasichana wa shule za mashambani waliupokea mchezo huu kwa moyo mkunjufu. Majira ya baridi huko ni marefu, mashamba hufunikwa na theluji, na vijiji havikuwa na burudani nyingine ya kuwakusanya watu. Tena wasichana wale walikuwa wakikamua ng'ombe, wakibeba maji na kusaidia mavuno, na wazazi wao hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba wana nguvu. Mwaka 1920 yakafanyika mashindano ya kwanza ya jimbo zima katika Chuo Kikuu cha Drake, mjini Des Moines, na timu ya mji mdogo wa Correctionville ikatwaa ubingwa. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya wanawake wa Marekani nzima kuhakikishiwa haki ya kupiga kura.

Ndipo upinzani ulipokuja, na haukutoka kwa watu wasiojua kusoma. Mwaka 1923 viongozi wa elimu ya viungo nchini humo waliunda kitengo cha wanawake katika shirikisho la kitaifa la michezo ya ridhaa. Mwenyekiti wake alikuwa Bi. Lou Henry Hoover, ambaye baadaye mumewe alikuwa Rais wa nchi. Kitengo hicho kilihimiza mazoezi kwa kila msichana, lakini kikapinga mashindano ya kutafuta ubingwa, viingilio, safari za timu na kelele za mashabiki. Walisema mambo hayo humchosha msichana na kumfanya chombo cha kuwafurahisha wengine. Tusiwacheke. Hoja yao ya pili ina uzito hata leo, na mzazi yeyote aliyemwona mtoto akitumiwa kulipatia taasisi jina ataielewa.

Mwaka 1925 hoja hizo zilifika katika mkutano wa chama cha michezo cha shule za sekondari za Iowa. Wakuu wa shule waliohudhuria walipiga kura, na wengi wakaamua kwamba chama kisisimamie tena mashindano ya wasichana. Shule za miji mikubwa ziliona shauri limekwisha. Wakuu wachache wa shule ndogo za mashambani hawakukubali. Walijitenga, wakakaa kando, na mwaka huo huo wakaunda chombo kingine: Umoja wa Michezo wa Wasichana wa Shule za Sekondari wa Iowa. Mmoja wao, John Agans wa mji wa Mystic, alikuwa amewaonya wenzake kwamba anayetaka kuufuta mchezo wa wasichana Iowa ni kama aliyesimama katikati ya reli huku treni inakuja.

Hapa napenda tutue kidogo. Wakuu wale hawakuwa na fedha wala jina. Wangeweza kurudi vijijini mwao wakilalamika kwamba wakubwa wameamua. Badala yake waliandika kanuni, wakapanga ratiba, wakatafuta waamuzi, wakaendelea. Katika majimbo mengine mengi mashindano ya wasichana yalififia kwa muda wa miaka hamsini. Iowa hayakukatika. Na hadi leo Umoja ule ungalipo, chombo cha jimbo kinachoshughulikia michezo ya wasichana peke yake, na Marekani hakuna jimbo jingine lenye chombo cha namna hiyo.

Mchezo waliouhifadhi ulikuwa na sura yake. Kila timu ilikuwa na wachezaji sita. Baadaye uwanja ukawa nusu mbili: washambuliaji watatu upande mmoja, walinzi watatu upande wa pili, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa katikati. Aliyeshika mpira aliweza kuudundisha mara mbili tu, kisha lazima atoe pasi au arushe kikapuni. Mlinzi aliweza kucheza miaka yote minne ya sekondari asitupe mpira kikapuni hata mara moja katika mechi.

Sura hiyo ya ajabu iliwafurahisha watu kwa namna ya ajabu. Katika kila mji mdogo, usiku wa mechi ulikuwa usiku wa ukoo mzima: nyanya, baba, wajomba na watoto wa mgongoni. Kuanzia mwaka 1954 Umoja uliongozwa na E. Wayne Cooley, na kwa karibu nusu karne aliyageuza mashindano ya kila mwaka kuwa sherehe ya jimbo. Maelfu walijaza ukumbi mkubwa wa Des Moines, na wengine wakatazama kwa televisheni. Wakati wa mapumziko waliingia wanaume waliovaa suti rasmi nyeusi, wakapita wakiifagia sakafu ili wasichana wasiteleze. Mwaka 1968 fainali ilizikutanisha Union-Whitten na Everly. Ikaingia muda wa ziada, na Union-Whitten wakashinda kwa pointi 113 dhidi ya 107. Denise Long wa Union-Whitten alifunga pointi 64 na Jeanette Olson wa Everly 76. Mwaka uliofuata timu ya wanaume ya San Francisco ilimtaja Denise katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa, ingawa mkuu wa ligi aliubatilisha uteuzi huo. Kuna waliouona kuwa mzaha, lakini kote Marekani watu walijua sasa kwamba kuna mahali ambapo jina la binti wa kijijini linatajwa na kila mtu.

Sitaki kumaliza habari kwa vigelegele, kwa sababu kilichofuata ndicho kilichonifanya niikumbuke. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya elimu iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Mwaka ule wasichana waliocheza michezo ya sekondari nchini kote hawakufika laki tatu, ilhali wavulana walipita milioni tatu na nusu. Milango ikaanza kufunguka. Vyuo vikuu vikaanza kuwapa wasichana ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, lakini vyuo vilicheza mchezo wa watu watano na uwanja mzima. Binti wa Iowa aliyekuwa mlinzi hodari alifika chuoni hajui kurusha mpira kikapuni.

Hivyo ile nyumba iliyowahifadhi ikaanza kuwabana. Mwaka 1983 wasichana watatu walikwenda mahakamani wakidai kwamba mchezo wa nusu uwanja unawanyima nafasi waliyo nayo wengine. Wazee wengi waliumia. Mchezo ule walioulinda wakati wengine wote wameutupa, leo unashitakiwa na mabinti wenyewe! Umoja ukakubali shule zichague, na kuanzia msimu wa 1984-85 michezo yote miwili ikachezwa. Mwaka 1993 mchezo wa watu sita ukachezwa kwa mara ya mwisho Iowa, na Hubbard-Radcliffe wakawa mabingwa wa mwisho. Wapo wanawake wa makamo huko ambao mpaka leo hulengwa na machozi wakiukumbuka, na wapo wanaosema ulichelewa kuondoka. Naamini wote wawili wanasema kweli.

Mama yangu wa mlangoni, uliuliza nani aliyeamua. Kwa muda mrefu walioamua ni wanaume: waliopiga kura ya kuufuta mchezo na waliokataa kura hiyo. Umoja wenyewe ulingoja hadi mwaka 2014 kupata mwanamke wa kuwa mkurugenzi wake mkuu, baada ya miaka 89. Hata bibi waungwana waliopinga mashindano waliwasemea wasichana bila ya kuwauliza. Sauti za mabinti zilisikika mwishoni, nazo zilisikika kwa njia ya kesi. Hilo ndilo ninalolisikitikia katika habari nzima. Laiti mtu angalikaa nao mapema akawauliza, huenda mahakama isingalihitajika.

Na jambo la pili: kanuni za michezo huandikwa na watu, na watu huzibadilisha. Tunalijua hilo sisi tunaovaa hijabu kuliko wengi. Mwaka 2019, katika jimbo la Ohio, msichana Mwislamu wa sekondari alimaliza mbio za nyika kisha akaambiwa matokeo yake hayahesabiwi, kwa kuwa alivaa hijabu bila ya kibali cha maandishi. Hakukaa kimya, wala nyumbani kwao hawakukaa kimya, na mwaka 2022 jimbo hilo likapitisha sheria ya kumlinda mwanafunzi anayevaa vazi la dini michezoni. Katika mpira wa kikapu wa kimataifa, katazo la kufunika kichwa liliondolewa mwaka 2017, baada ya wanawake kuandika na kudai kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo shule ikikwambia kwamba sare ni kaptura na kanuni haibadiliki, usijibu kwa hasira wala usimtoe mtoto kimya kimya. Nenda na wazazi wenzako wawili watatu mkamwone mwalimu wa michezo, mwulize kanuni imeandikwa wapi, na mpeleke vazi mnalolitaka mkononi. Mkiulizia pia nani atasafiri na wasichana na watalala wapi, mtakuwa mmeuliza lile ambalo hata akina Bi. Hoover walikuwa na haki ya kuliuliza.

Lakini kabla ya shule, kabla ya bibi na ami, yupo mmoja ambaye sikusikia ukilitaja neno lake hata mara moja ulipokuwa ukinisimulia pale mlangoni. Leo usiku, mkisha kula na vyombo vikishaoshwa, mkalishe binti yako karibu nawe umwulize yeye anataka nini, na kwa nini. Msikilize mpaka amalize. Kisha muende kwa shekhe mkiwa pamoja.

Wabillahi tawfiq.