Usimwachie toFixed pesa za watu

Fungua kivinjari chako, bonyeza F12, kisha uandike 0.1 + 0.2. Jibu ni 0.30000000000000004. Sisi tuliosomea kompyuta tulionyeshwa mchezo huu darasani, tukacheka, mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu hayakupaswa kuishia hapo. Siku hizi kati ya Ruiru na Thika, duka la vifaa vya ujenzi lina ukurasa wake wa kupigia hesabu, chama kina wake, wakusanyaji maziwa wana wao. Aliyeuandika mara nyingi ni kijana mmoja anayejua kupanga rangi kuliko anavyojua namba.

Kwa wale wasioandika programu, maelezo mafupi. JavaScript, aliyoiunda Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995, huhifadhi namba zake za kawaida kwa biti 64, na mashine hugawa kila kitu kwa mbili. Nusu, robo na thumuni (si ile thumni ya senti hamsini ya wazee wetu) hukaa sawasawa. Sehemu ya kumi haikai, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali ikaisha: 0.333 mpaka uchoke. Basi mashine huweka namba iliyo karibu nayo, ikanyamaza.

Sasa mpe toFixed kazi ya kukadiria hadi desimali moja. 2.35 anaifanya 2.4, vizuri. 2.55 anaifanya 2.5! Wala hajakosea, kwa sababu ile 2.55 iliyohifadhiwa iko chini kidogo ya 2.55 yenyewe. Wengi hukimbilia dawa ya kuzidisha kwa mia, kuita Math.round, halafu kugawa kwa mia. Jaribu na 1.005. Ikizidishwa kwa mia inakuwa 100.49999999999999, na unarudishiwa 1. Kibaya zaidi ni parseInt: 19.99 mara mia ni 1998.9999999999998, naye hukata tu na kukuachia 1998.

Najua kuna atakayeniuliza, senti? Nani bado ana senti? Ni kweli, sarafu mpya alizotoa Benki Kuu ya Kenya Desemba 2018 ni za shilingi 1, 5, 10 na 20, na ukiunganisha tovuti yako na M-Pesa unatakiwa kutuma shilingi nzima. Lakini hapo ndipo penye shida yenyewe. Senti lazima zipotelee mahali, na mahali hapo pamechaguliwa na mtu aliyeandika skripti, pengine bila kujua kwamba amechagua.

Chukua maziwa. Tuseme mizani inasoma desimali mbili na skripti inakata ibaki moja. Kila mkulima anapoteza wastani wa lita 0.045 kila asubuhi. Kwa siku 30 ni lita 1.35. Wakulima wakiwa 400 ni lita 540, na bei ikiwa shilingi 50 hiyo ni shilingi 27,000 kwa mwezi. Hakuna mwizi hapo, ila pesa zimehama mfuko.

Hata masoko ya hisa yameumia. Fahirisi ya soko la Vancouver ilianza na 1000 Januari 1982, ikawa inakatwa desimali kila inapohesabiwa upya. Novemba 1983 ilikuwa imeshuka hadi 524.811. Waliporekebisha hesabu ikawa 1098.892.

Msimamo wangu ni huu: pesa ziwekwe kama senti nzima, uzito kama gramu nzima, na ukadirie mara moja tu, mwishoni. Nafasi ipo tele, maana JavaScript hushika namba nzima barabara hadi 9,007,199,254,740,991. Hizo zikiwa senti ni zaidi ya shilingi trilioni 90, serikali yenyewe haijafika huko.

Hata hivyo namba nzima hazikuondolei uamuzi. Bidhaa tatu za shilingi 100 kila moja, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani. Ukikadiria kila mstari unapata 13.79 mara tatu, yaani 41.37. Ukikadiria jumla ya 300 unapata 41.38. Njia zote mbili zina mantiki, ila risiti moja haiwezi kuzitumia zote mbili, na nimeona kurasa zinazofanya hivyo. Hilo si swali la kompyuta hata kidogo, ni la mwenye duka na mhasibu wake, kwa hiyo waulize kabla hujaandika mstari wa kwanza. Wakishaamua, kanuni ichapishwe kwenye risiti kwa Kiswahili, ili mkulima mwenye kalamu na karatasi apate jibu lile lile.