NONDO HAKWENDA NA WAKATI

Jamani, nimechoka kusingiziwa nondo. Sisemi zile za kumwagia zege. Nasema mdudu, yule ndugu yake kipepeo anayekuja kujigonga kwenye taa usiku. Juzijuzi nilikaa kwenye semina ya vijana, mtoa mada akatupa kisa cha nondo wa Uingereza: ati moshi wa viwanda ulipoipaka miti masizi, nondo naye "akabadilika rangi, akaenda na wakati". Kisha akatunyooshea kidole: nanyi vijana msio na kazi, badilikeni! Ukumbi mzima makofi. Mimi nami nikapiga, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Hebu tukisimulie kisa sawasawa.

Nondo huyo wataalamu humwita Biston betularia. Kwa kawaida ni mweupe mwenye madoadoa meusi, kama unga uliomwagikiwa pilipili manga. Mchana hutulia juu ya miti yenye likeni, ule ukoga wa kijivu unaoota kwenye magome, na ndege humpita asimwone. Mwaka 1848 alinaswa mmoja mweusi tii mjini Manchester. Viwanda vilikuwa vikichoma makaa ya mawe usiku na mchana. Likeni ikafa, magome yakawa meusi. Ilipofika 1895, karibu nondo 98 katika kila 100 pale Manchester walikuwa weusi.

Sasa niambie, nani alibadilika? Kiwavi wake huweza kujifananisha na kijiti anachokalia, hilo nakubali. Lakini akishaota mabawa, basi tena: aliyetoka mweupe atakufa mweupe. Na alikufa kweli. Aliliwa! Juu ya gome jeusi alionekana kama kanzu ya Idi juu ya gunia la mkaa, ndege akadonoa. Mweusi akasalia, akazaa, wanawe wakarithi weusi wake. Huzaa kizazi 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo mauaji hayo yalichukua miaka na miaka. Huo ndio uteuzi asilia.

Hata weusi wenyewe haukuja kwa juhudi. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba kipande cha DNA kilihama na kujipachika ndani ya jeni iitwayo cortex, wakakadiria tukio hilo lilikuwa mnamo 1819. Bahati nasibu, ndugu zangu. Hakuna nondo aliyehudhuria semina.

Najua wapo watakaodakia: kisa hicho si kilishapingwa? Kweli, Bernard Kettlewell, aliyefanya majaribio karibu na Birmingham mwaka 1953, alilaumiwa kwa kuwaachia nondo wengi mno mahali pamoja, tena juu ya mashina, ilhali wenyewe hupenda zaidi matawi. Lawama za haki. Lakini baadaye Michael Majerus aliirudia kazi hiyo huko Cambridge kwa miaka 6, akatumia nondo 4,864, akawatazama ndege wakila kwa macho yake. Alifariki mwaka 2009, wenzake wakachapisha matokeo mwaka 2012. Safari hii hewa ilikuwa imeshasafika, na walioliwa zaidi ni weusi.

Waandishi wenzangu, ugomvi wangu ni na kitenzi. "Kubadilika" kinafuta maiti. Ukiandika "nondo walibadilika", wale wote walioliwa wanatoweka kwenye sentensi, anabaki mjanja mmoja wa kupigiwa mfano. Ndivyo tunavyoandika na mengine: "mtaa ulibadilika", waliobomolewa nyumba hawamo, "kiwanda kilijirekebisha", waliopunguzwa kazi hawamo. Tunajiita waandishi chipukizi, kumbe tunafagia damu ya watu kwa Kiswahili safi.

Tena mtoa mada wetu alikikata kisa katikati. Desemba 1952 moshi mzito uliifunika London kwa siku 5, watu kwa maelfu wakafa. Je, waliobaki waliambiwa waote mapafu mapya, waende na wakati? Hapana bwana. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Moshi ukapungua mwaka hadi mwaka, likeni ikaanza kurudi, magome yakatakata. Zamu ya kudonolewa ikamfikia mweusi. Siku hizi, hata Manchester, mweusi ni wa kutafuta kwa tochi. Yule aliyesifiwa kwamba kaenda na wakati, wakati wenyewe ulimwacha.

Kwa hiyo sikatai kujifunza kwa nondo. Nakataa kufundishwa nusu. Nondo hana bunge, hana kalamu, hana mdomo wa kuuliza; kilichobaki kwake ni kuzaliwa na rangi inayofaa au kuliwa. Mimi ninavyo. Anayeniambia nifanane na masizi ananipa hatima ya mdudu, na anayeyatoa masizi hayo anakaa salama, hata jina lake halitajwi.

Semina ijayo sitapiga makofi. Nitasimama, hata kama sauti itatetemeka, niulize swali moja tu: samahani mzee, huu moshi ni wa nani?