Mtoto asome, lakini alale pia

Kila mwaka, siku za Examen d'État zikikaribia, mafinalisti wa Kisangani hawalali. Mangobo, Kabondo, Lubunga, kote wanakesha na mshumaa ao taa ya simu. Wanafunzi wa Unikis nao wanafanya vilevile wakati wa sesioni. Umeme ukirudi katikati ya usiku, ndiyo saa mtu anafungua silabusi.

Wazazi wanafurahi: mtoto ana bidii. Bidii iko nzuri. Lakini tuulize: ni bidii ao ni woga? Mtoto anajua makuta ya minervali yanatoka ndani ya shimo, kule Bafwasende ao Banalia. Tena tunamkumbusha kila siku: « Baba yako anateseka juu yako. » Neno hilo linamsukuma asome, lakini likizidi linamnyima usingizi. Asipolala, kesho darasani haelewi. Asipoelewa, woga unaongezeka, na usiku tena halali. Hivyo ndivyo mtoto mwenye akili anarudi nyuma.

Usingizi si uvivu. Ni wakati ubongo unapanga na kushika yale mtu amesoma. Kijana wa miaka 14 mpaka 17 anahitaji saa 8 mpaka 10 za kulala. Wa miaka 18 mpaka 25, saa 7 mpaka 9. Mwaka 1997, watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye amekunywa pombe.

Nyinyi wachimbaji munajua jambo hili bila kuambiwa na watafiti. Mwenye hajalala, hamumuachi ashuke shimoni, juu ataumia na kuumiza wenzake. Basi, juu ya nini tunamtuma mtoto kwenye mtihani wa siku 4 na macho mazito?

Hatusemi asome kidogo. Tunaomba mambo matatu. Siku za mtihani, kazi za nyumba zipunguzwe ili asome kungali mwangaza, zaidi wasichana, wenye kufungua daftari wakati wengine wote wamelala. Simu ikae mbali na kitanda. Na sisi wazazi, tuache kumhesabia kila franga. Ikifika saa nne ya usiku, tumwambie: « Umesoma vya kutosha, mwanangu. Lala. »